Lesepase Zenye Mashairi Mgongoni

Siku mliyoniaga, vijana wangu, mlinipa kiti cha plastiki, soda ya moto na kalamu, mkasema: Mama Vero, utuandikie mambo ya kazi. Najua mlichotaka. Mlitaka karatasi moja ya mashauri muibandike ukutani juu ya mashine ya fotokopi, pale penye tangazo kwamba mwenye haraka arudi kesho. Shauri ninalo moja tu: msile samaki wa chumvi halafu mkashika barua ya mteja. Mengine yote ni hadithi, na sehemu kubwa yake inahusu kitabu kimoja ambacho hata mimi niliyekipiga taipu sijakisoma kwa mpangilio.

Cheo sikupata katika kazi hii, kwa hiyo hapo hatutakawia.

Niliajiriwa na Mzee Anselme, mwenye sekretaria hii, duka la kupiga taipu na kuchapa, kabla haijawa na kompyuta wala kiyoyozi kibovu. Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Siku ya kwanza hakuniruhusu kuandika hata jina langu. Alinipa pini na kitambaa chenye petroli, akaniambia nisafishe herufi za mashine moja baada ya nyingine, kwa sababu *e* na *a* hujaa wino tumboni. Nilisafisha kutwa nzima. Jioni akainama, akaipuliza *e*, akaitazama kama daktari anayetazama ulimi wa mtoto, akasema: "Kesho ukuye tena." Huo ndio mkataba wangu wa kazi, na mpaka leo sijauona mwingine.

Ninyi mnabonyeza, mashine inatoa. Sisi tulikuwa na stensili, karatasi laini ya nta inayopigwa bila utepe ili herufi itoboe. Ukipiga kwa hasira, *o* inakatika yote na kipande chake kinaanguka sakafuni. Ukipiga kwa huzuni, haitoboi kabisa. Kosa lilifunikwa kwa dawa nyekundu na brashi ndogo. Unapuliza, unangoja, unapiga tena. Dawa ilipokosekana tulitumia rangi ya kucha, na ndiyo maana watu walidhani mimi ni msichana wa kujipamba. Kisha stensili ilifungwa kwenye mashine ya kuchapia, roneo, unazungusha mkono, karatasi zinatoka. Zilizotoka hafifu tuliziweka kushoto, uso chini. Zilizotoka nzuri tuliziweka kulia, uso chini vilevile, wino usichafuane. Mzee Anselme alirudia hilo kila siku: mbaya kushoto, nzuri kulia. Nililikosea mara moja tu katika maisha yangu yote ya kazi, na kosa hilo ndilo ninalowaandikia.

Vita vilipofika hapa Bunia, wakubwa wa mji walianza kubadilika. Kila kundi lililoingia lilitaka vitu viwili hata kabla ya kuuliza chakula kiko wapi: tampo, yaani muhuri, na lesepase. Lesepase ilikuwa karatasi ya kupita kwenye bariere, vizuizi vya askari njiani. Bila hiyo huendi shambani, huendi sokoni, huendi msibani. Na kila kundi lilikataa lesepase za kundi lililotangulia. Mwisho tulikuwa na stensili tano za vichwa vya barua, zimening'inia kwenye kamba kama soksi, kila moja na jina la serikali yake. Kuna serikali iliyoondoka kabla wino wa kichwa chake haujakauka. Mzee Anselme hakutupa hata moja.

"Banaweza kurudia," alisema.

Wakarudi kweli, wengine mara mbili. Walipoingia dukani wakiwa na jasho na vumbi, tukawapa karatasi zao palepale, zimekwisha pigwa tampo. Walisema hawajapata kuona raia watiifu kama sisi. Siku hizi nikisimulia watu hucheka, nami nacheka, lakini wakati ule nilikuwa nikitoka nyumbani Ngezi asubuhi namuaga mama yangu kama mtu anayepanda ndege.

Katikati ya mambo hayo ndipo alipoingia Mwalimu Zakayo wa mtaa wa Mudzipela, amevaa koti, amebeba mfuko wa sombe, majani ya muhogo. Alitoa majani, chini yake akatoa kaye saba, madaftari yaliyojaa mwandiko wa wino wa buluu.

"Ni riwaya," akasema. "Ya mashairi. Beti mia saba. Ninataka copies arbaini."

Nyuma yake walikuwa wamepanga mstari watu wanaotaka karatasi za kukimbia mji. Mwanamke mmoja alikuwa amebeba godoro kichwani. Mwalimu akageuka, akawaambia kwa upole kwamba yeye hana haraka, watangulie, kazi yake ni ya kudumu.

Lazima niwaeleze habari ya kitabu chenyewe, na mji mzima uliijua. Mwalimu alikuwa na mtoto mmoja, Bahati, mwenye miaka tisa. Wakati wa likizo mtoto alikwenda kwa shangazi yake, Elisabeti, aliyeolewa Gety. Elisabeti ni dada mkubwa wa Mwalimu, ndiye aliyemlea Mwalimu baada ya mama yao kufa. Vita vikafunga njia nyuma ya mtoto. Akashikwa na malaria, dawa zilikuwa zimekwisha Gety, na Elisabeti akamfunga mgongoni kwa kitenge akaanza kutembea kuja Bunia. Kwenye bariere moja walimzuia siku mbili kwa sababu hakuwa na lesepase. Mtoto alikufa hapo, mgongoni mwake. Hakumshusha. Alimbeba mpaka nyumbani kwa baba yake.

Siku ya maziko Mwalimu alimfukuza dada yake mbele ya kaburi, watu wote wakiona. Alisema Elisabeti na ukoo wa mume wake ndio waliomuua mwanawe. Nilikuwepo, nyuma kabisa, na akina mama waliobeba maji ya kunawa. Sikuona yote yaliyofanyika pale mbele, niliona tu Elisabeti akipita katikati yetu, anarudi njia aliyotoka, kitenge bado kina umbo la mtoto. Tangu hapo hakukuwa na neno kati yao.

"Moja ya hizi copies itaenda Gety," Mwalimu aliniambia, akimtaja dada yake mkubwa. "Yaya yangu asome. Ataelewa kama nimeshamusamehe."

Mnaona? *Nimemsamehe.* Nyani haoni kundule. Nilinyamaza, kwa sababu Mzee Anselme alinifundisha kwamba mpiga taipu anayeingia katika maneno ya mteja hutoka na makosa. Kitabu kiliitwa *Moyo wa Baba*, na huyo baba wa kitabuni alisamehe kila mtu aliyepita karibu naye. Alimsamehe daktari, mvua, jirani, mbuzi wa jirani, na Mungu mara mbili. Ubeti wa mia tatu na kumi nimeushika hadi leo:

*Nimewasamehe wote, wa karibu na wa mbali,*
*Waliosema maneno, na walonyamaza kweli,*
*Hata asiyeniomba, nimempa kwa fadhili,*
*Moyo wangu ni mpana, hauna hata kufuli.*

Nilimuuliza mbona katikati ya mistari hakuna vina. Alinitazama kwa huruma. Alisema vina vya kati ni vya watu ambao hawajafiwa.

Alikaa kando yangu siku zote nikipiga, anahesabu mizani kwa kugonga vidole mezani, nane na nane. Risasi zikilia tulilala chini ya meza, yeye akaendelea kugonga kwenye sakafu: sita, saba, nane. Siku moja bomu lilianguka upande wa sokoni akiwa kwenye tano. Vumbi la dari lilitumwagikia, watu wakapiga kelele barabarani, na Mwalimu akanishika mkono akaniambia turudi mwanzo wa mstari, amepoteza hesabu.

Tulifika kurasa sitini. Nilizitoa zote kwa roneo, nakala arobaini kila ukurasa, upande mmoja tu kwa sababu Mwalimu alisema mashairi hayapumui yakibanwa mgongo kwa mgongo. Ilibaki sura ya mwisho tuweze kushona. Alisema mwisho haujaiva. Alikwenda nyumbani kuungoja uive.

Wiki hiyo waporaji waliingia mtaani. Mzee Anselme alikuwa ameanza kuugua, akaondoka na jamaa zake, akaniachia ufunguo na maneno haya: "Chunga roneo. Miye nitajichunga." Niliyabeba marundo mawili ya riwaya, lile hafifu na lile zuri, nikayaficha jikoni nyuma ya duka chini ya gunia la mahindi. Mambo yalipotulia nikayarudisha. Yalikuwa mazito, nikaingia kwa mlango wa nyuma nikitembea kinyumenyume, rundo moja kila mkono. Nikayaweka mezani. Fikirini wenyewe. Mtu aliyeingia kinyumenyume, kushoto kwake ni wapi?

Siku ya tatu akaja mtumishi wa wakubwa wa wakati huo: lesepase mia tano, upesi. Karatasi mpya hazikuwepo, malori ya bidhaa kutoka Butembo yalikuwa hayafiki. Nikasema, hafifu za Mwalimu zina mgongo mweupe, nani atajali. Nikachukua rundo la kushoto, nikachapa lesepase mgongoni. Walipotaka nyingine nikachapa nyingine. Kwa majuma matatu kila aliyetoka Bunia alitoka na jina lake, tampo, na upande wa pili beti kumi na moja za *Moyo wa Baba*, zilizochapwa vizuri sana.

Kosa lilinifikia kupitia Mama Neema, muuza samaki wa chumvi wa Mudzipela. Aliingia dukani kwa hasira, akaiweka lesepase yake mezani.

"Vero, hii paje banaisha kuisoma! Unipatie ya mbele."

"Paje gani, mama?"

"Paje ya hadisi! Kule bariere ya njia ya Gety kuko adjudant mumoya anaitwa Pacifique. Anasomea batu. Kama uko na paje mupya, unapita mbio. Kama uko na ile ya zamani, unangoja pale kwa jua mpaka mwenye paje mupya afike. Miye nilingoja na samaki yangu tangu asubui! Batu ba nyuma yangu balinusa samaki na balinilaumu miye."

Niligeuza karatasi yake. Ukurasa wa kumi na nane, wino mweusi, hauna hata doa. Nikakimbilia lile rundo la kulia, ambalo nilikuwa nimelifunika kwa kitambaa kama mkate wa ushirika. Hafifu lote. Nikakaa chini sakafuni, na Mama Neema akakaa nami akidhani nimepata habari ya msiba.

Sasa mwataka kujua nilifanya nini. Nilimpa ukurasa wa thelathini na tatu. Angefanya nini tena na samaki wake?

Tangu siku hiyo watu walikuja dukani wakichagua. Mchungaji mmoja alitaka lesepase yenye mtoto bado mzima, kwa sababu mke wake ni mjamzito. Mwendesha moto, yaani pikipiki ya abiria, alikataa ukurasa wa ishirini na tano kwamba hauna tendo, ni machozi tu, atachelewa. Walionifuata nyumbani Ngezi niliwafukuza. Kila jioni nilijiapiza kumwambia Mwalimu, na kila asubuhi nilifunika kombe mwanaharamu apite.

Halafu huyo Adjudant Pacifique, mkubwa wa askari wa bariere, akaja mwenyewe. Mstari wa watu uliyeyuka. Alikuwa mrefu, bunduki begani, na katika mfuko wa shati amekunja karatasi. Nilijua nimekufa, nikaanza kutafuta kwa macho mahali pa kuwekea miwani yangu isivunjike.

"Mwenye aliandika hii maneno iko wapi?"

"Afande, ni muzee tu, hana mubaya..."

"Miye nilisomaka pédagogie, masomo ya ualimu, miaka mbili," akasema, akavuta kiti. "Ninataka kumuuliza kitu. Umuite."

Nikamtuma Mama Neema, aliyekuwa amebaki mlangoni na kikapu chake. Mwalimu alifika amevaa koti, na hapo hapo, mbele ya bunduki, ikabidi nimweleze ya marundo mawili. Alinisikiliza. Alinyoosha kidole, akaniita muuaji wa vitabu, akasema kazi ya miaka miwili nimeifanya vifungashio vya wanajeshi. Nililia, sitaficha. Halafu akashusha kidole, akageukia Adjudant, akakohoa.

"Na... banasemaka nini, kule bariere?"

"Vijana banapenda," akasema Adjudant. "Ile fasi mutoto anakimbiza kuku, tunaisomaka mara nyingi. Lakini Mwalimu, kuko kitu haikamati. Huyu baba anasamehe batu tu, anasamehe, anasamehe. Yeye hakukosa hata siku moya?"

"Ni mufano wa moyo mukubwa."

"Sawa. Na maziko iko wapi? Paje ya arbaini mutoto anakufa. Paje ya arbaini na moya, tayari batu banakunywa chai ya matanga. Nani alimuzika? Tulifikiri kuko paje inapotea. Tulipekua batu siku tatu, Mwalimu. Tulivua muzee mumoya viatu."

"Ile ni mbinu," akasema Mwalimu. "Mushairi anaruka."

"Anaruka nini?"

Mwalimu alianza kugonga vidole mezani bila mstari wowote wa kuhesabu. Adjudant akasimama, akasema atangoja, bariere haina safari. Alipotoka alinigeukia akaniambia wino wa ukurasa wa hamsini ni hafifu kidogo upande wa chini. Kweli ulikuwa hafifu.

Siku chache baadaye Mama Neema akarudi kutoka upande wa Gety, maana samaki wa chumvi hupita pale ambapo hata padri hapiti. Alimkuta Mwalimu dukani kwangu, anadai tuzihesabu kurasa nzuri nilizobaki nazo.

"Mwalimu, nilimuona yaya yako ku soko ya Gety. Anakusanya. Kila mutu wa Bunia akifika, anamuomba ile karatasi. Anasema hivi: niko na paje makumi mbili na ine. Maziko sijaiona."

Mwalimu alitoka bila kuaga. Nilimfuata mpaka barabarani, na hapo nikavunja amri ya Mzee Anselme. Nikamwambia: "Mwalimu, nilikuwa pale siku ile." Basi, sikuongeza. Akaniambia, "Na miye nilikuwa pale, mama," akaenda zake. Kwa majuma hakuonekana. Nilisikia anakaa uani kwake na kaye mpya, na kila ukurasa anaoandika anauchana kabla ya kuku kulala. Nilimhurumia, na nilimkasirikia pia. Huyu ni mtu aliyeandika beti mia saba kulizunguka neno moja.

Ikaja wiki ya utulivu. Njia zilifunguka kidogo. Asubuhi moja nikasikia viatu vya jeshi mlangoni, na nyuma ya Adjudant Pacifique akaingia mwanamke mrefu, mkavu, mwenye nywele nyeupe chini ya kitambaa, miguu imejaa vumbi la njia yote. Nilimtambua kwa namna alivyosimama.

"Alifika kwa bariere," Adjudant akaniambia kwa sauti ndogo. "Nikamuuliza lesepase. Akanipatia makumi tatu na moya. Zote majina ya batu bengine. Nikageuza ya kwanza, nikajua."

Alimsindikiza mwenyewe kilomita zote hizo kwa mguu, ili asizuiliwe na mtu, na ili yeye mwenyewe, alivyosema, asisikie mwisho kwa kusimuliwa. Nikamwita Mama Neema, aliyekuwa akipita na kikapu chake, nikamtuma tena. Mwalimu alipofika mlangoni akamwona dada yake ameketi kwenye kiti cha wateja, alirudi nyuma hatua moja, na Adjudant, bila kumgusa, akampita akasimama nyuma yake mlangoni.

Elisabeti alikuwa amezipanga karatasi zake mapajani.

"Zakayo," akasema, "hadisi yako ilinifikia nyuma-mbele. Kwanza nilipata fasi mutoto alishakufa. Kisha nikapata fasi anagonjwa. Kisha fasi anaomba maziwa. Ya mwisho kunifikia ni ile ya kuku. Njo vile niliisoma, kwa mupango ile ilikuya. Kwangu miye mutoto anamaliza akiwa anakimbia." Akazigonga karatasi zilingane. "Ilinisaidia. Lakini kuko paje moya haukuandika, na miye siwezi kuiandika. Keti. Weye sema, Vero apige."

Nikaweka stensili, nikaondoa utepe. Mwalimu aliketi. Akainua mkono, akaanza kugonga vidole: "Siku ile ya huzuni..."

Elisabeti akaweka kiganja chake juu ya vidole vile, akavibana mezani.

"Leka vidole," akasema.

Mama Neema alisimama na kikapu chake, Adjudant amevua kofia. Mwalimu akasema, nami nikapiga, na ninaiandika hapa kama alivyoisema:

"Yaya yangu alibeba mutoto wangu mugongoni. Alifika naye amekufa, na hakumuweka chini hata kwa njia. Siku ya maziko aliinama kukamata udongo, atupe juu ya sanduku, sawa vile batu ba jamaa banafanyaka. Nilimushika mukono. Nikaukunja mpaka udongo ukamwangika inje. Nikasema udongo wa huu mukono usifunike mutoto wangu. Hakukosa kitu. Alifanya kazi ya baba, na miye nilikuwa nyumbani nangoja. Yaya, miye njo nilikosa. Unisamehe."

Sikuhesabu mizani. Herufi nyingi hazikutoboa, ikabidi nirudie kwa nguvu, na mteja aliyechungulia mlangoni akiuliza kama tunachapa kadi za ndoa nilimjibu vibaya. Namwomba radhi hapa kama bado yu hai.

"Njo hiyo," Adjudant akasema polepole. "Njo ilikuwa inapungua." Kisha akamuuliza Elisabeti, macho yakiwa chini: "Mama, ile bariere ya mutoto, ilikuwa gani?"

Elisabeti alimtazama.

"Zote ziko sawa," akasema.

Adjudant alirudisha kofia kichwani, akaivua tena, hakujua aiweke wapi.

Kitabu hakikushonwa kamwe. Kurasa zake ziko katika masanduku ya watu, na ile ya maziko Elisabeti hakuniacha niitoe kwa roneo. Aliichukua stensili yenyewe, akaikunja, akasimama, akasema wanakwenda makaburini na mwenye miguu afuate. Nilifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo Mzee Anselme hakulifanya hata kwa mabomu. Tulikwenda watano: dada na kaka mbele, mimi na Mama Neema na samaki wake katikati, Adjudant nyuma na bunduki, watu wakitupisha njia wakidhani tumekamatwa.

Kaburi lilikuwa limeota majani. Kiangazi kilikuwa kikali, udongo umekuwa kama tofali. Elisabeti aliinama akajaribu kukwangua, hakupata kitu. Adjudant akachomoa kisu cha bunduki, akamnyooshea kwa mpini. Elisabeti akatikisa kichwa.

Ndipo Mwalimu akavua koti. Akapiga magoti, akachimba kwa kucha. Alichimba kwa muda mrefu, anahema, kucha moja ikapasuka, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu sote tulielewa hatutakiwi. Alipopata udongo mlaini aliukusanya kwa mikono miwili, akaugeukia mkono wa dada yake, akaumimina humo, akavikunja vidole vya dada yake taratibu udongo usimwagike.

Elisabeti akautupa juu ya kaburi. Tukausikia ukianguka kwenye majani makavu.

Alifuta kiganja kwenye kitenge, akakaa chini kando ya mdogo wake. Mama Neema alikuwa akilia ndani ya kikapu. Mwisho Elisabeti akaokota koti, akalipangusa vumbi, akamwekea mabegani.

"Zakayo," akasema, "ile kitabu yako iko mulefu sana."

"Ninajua, yaya," akasema Mwalimu.